Tabora: Mipaka ya vijiji inapimwa, udongo je?

WAPIMAJI wakifika katika kijiji chochote cha Mkoa wa Tabora, wananchi huwa wanajua kitakachofuata. Vitatolewa vifaa vya kusoma setilaiti, wazee wa vijiji jirani wataitwa waonyeshe mpaka unapopita, mawe yatapandwa, na baada ya muda ramani itabandikwa ukutani katika ofisi ya mtendaji. Kazi hiyo huitwa kupima ardhi, na faida yake haina ubishi. Kijiji ambacho mpaka wake haujakubaliwa hakiwezi kupata cheti cha ardhi ya kijiji, na pasipo cheti hicho mkulima hawezi kupewa hati ya hakimiliki ya kimila.

Upo upimaji wa pili ambao hauna mawe wala mikutano mikubwa. Huo ni upimaji wa udongo. Wa kwanza hujibu swali kwamba ardhi hii ni ya nani. Wa pili hujibu kwamba ardhi hii inaweza kubeba nini, kwa muda gani, na itaharibika vipi ikibebeshwa kisichoifaa. Kwa kuwa Kiswahili hutumia neno moja, kupima, kwa kazi zote mbili, wapo viongozi wanaodhani kwamba ya kwanza ikikamilika na ya pili nayo imekwisha.

Mkoani Tabora dhana hiyo ina gharama. Mkoa huu ndio mkubwa kuliko yote nchini kwa eneo, ukiwa na takriban kilomita za mraba 76,000. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu milioni 2.29. Sensa ya 2022 ikahesabu milioni 3.39. Ni ongezeko la karibu nusu katika miaka kumi, huku ardhi ikiwa ile ile. Tumbaku, mahindi, mpunga, ng'ombe, nyuki na misitu ya hifadhi vyote vinatafuta nafasi, na anayegawa nafasi hiyo kisheria ni kijiji chenyewe. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 inaitambua halmashauri ya kijiji kuwa mamlaka ya upangaji. Swali ni kama mamlaka hiyo inapanga ikijua kilichomo ardhini.

Barabara ya misafara

Watu waliopita hapa zamani walikuwa na elimu yao ya udongo, na waliiweka katika majina. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji katika karne ya 19 ilipita Mpwapwa, ikavuka Ugogo, kisha ikakabili pori kubwa kabla ya kuingia Unyanyembe, yaani eneo la Tabora ya leo. Wapagazi waliliita pori hilo Mgunda Mkali. Mgunda ni shamba. Mtu hahitaji maabara kuelewa kwamba shamba likiitwa kali, maji yake ni ya shida na jembe halina kazi pale. Burton na Speke, waliofika Kaze mwaka 1857, walilisikia jina hilo na kuliandika.

Baada ya pori hilo msafara uliingia katika nchi ya mashamba. Tabora ilikua kuwa kituo kikuu cha bara si kwa sababu njia za Ujiji na za Ziwa Victoria zilikutana hapo tu, bali pia kwa sababu palikuwa na chakula cha kuwalisha maelfu ya wapagazi. Wanyamwezi walilima mtama, uwele, viazi vitamu na mihogo kwenye miinuko. Mpunga ulilimwa mabondeni. Miembe iliyopandwa kufuata njia hiyo bado inaonekana, na njia yenyewe, pamoja na Kwihara ambako Stanley na Livingstone walikaa pamoja mwaka 1872, imo tangu 2006 katika orodha ya mapendekezo ambayo Tanzania imeyapeleka UNESCO kwa ajili ya urithi wa dunia.

Reli ilifuata uelekeo ule ule. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914. Desemba 2022 ulisainiwa mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma. Kila mara usafiri unapoboreshwa, thamani ya ardhi iliyo kando ya njia hupanda, na watu husogea huko kabla mtu yeyote hajauliza udongo wa pale ukoje.

Karanga za mwaka 1947

Somo kubwa kuliko yote kuhusu jambo hili lilitolewa kwenye njia hii hii, na lilikuwa ghali. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza, ikihangaika na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, ilituma ujumbe wa watu watatu chini ya John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika. Kwa wiki tisa hivi walizunguka, sehemu kubwa wakiitazama nchi kutoka kwenye ndege. Wakarudi na pendekezo la kulima ekari 3,210,000 za karanga, zikiwa zimegawanywa katika mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja. Sehemu kubwa ya mashamba hayo ingekuwa Tanganyika, yakianzia Kongwa, Urambo na Nachingwea.

Kongwa iko jirani na Mpwapwa, kwenye njia ile ya misafara. Ilichaguliwa ianze kwa kuwa reli ilikuwa karibu na pori lilionekana jepesi kufyeka. Vifaru vya vita aina ya Sherman viligeuzwa matrekta. Ramani ya kina ya udongo haikuwapo. Kitengo cha kisayansi cha mradi kiliundwa wakati mashine zimekwisha kuanza kung'oa miti.

Kilichotokea hakikuwa muujiza. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi ambao mvua ikikatika hukauka na kuwa mgumu kama tofali. Karanga ni zao linalozaa chini ya ardhi, na udongo ukigeuka tofali karanga haing'oki. Juu ya hayo, chembe za mchanga mkali zilikula majembe ya matrekta kwa kasi ambayo hakuna aliyeipigia hesabu. Mvua nazo zilikuwa za kubahatisha. Mwaka wa kwanza ulipangiwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 10,000. Mradi ulifutwa Januari 1951, ukiwa umemeza pauni milioni 36 hivi za walipa kodi wa Uingereza.

Jambo ambalo husahaulika katika simulizi hiyo ni Urambo. Huku udongo ni wa kichanga, mwepesi, na ulilimika vizuri kuliko wa Kongwa. Karanga haikufanikiwa kwa kiwango kilichotarajiwa, lakini katika miaka ya 1950 mashamba yaliyokwisha kufyekwa yaligeuzwa kuwa ya tumbaku, na Urambo ikawa moja ya wilaya mama za zao hilo nchini. Mradi mmoja, mtaji mmoja, matrekta ya aina moja, na matokeo mawili tofauti. Tofauti kubwa ilikuwa ardhini, na gharama ya kuigundua mapema isingefika hata sehemu ndogo ya bei ya vifaru vile.

Ulyankulu

Mtu anaweza kusema kwamba hayo yalikuwa makosa ya wakoloni. Basi itazamwe Ulyankulu, ambayo leo imo Wilaya ya Kaliua. Makazi hayo yalifunguliwa mwaka 1972 kuwapokea watu waliokimbia mauaji ya Burundi. Ilikuwa kazi ya dharura na ya utu, na hakuna anayeweza kuilaumu nia yake. Watu walipewa viwanja vya kulima ndani ya miombo, na kwa misimu ya mwanzo walivuna vizuri, kama inavyokuwa kwenye shamba jipya lililofyekwa na kuchomwa.

Baada ya miaka michache ilidhihirika kwamba ardhi na maji ya Ulyankulu havikuweza kubeba idadi ile ya watu. Kuanzia mwaka 1978 watu zaidi ya 20,000 walihamishiwa Mishamo, katika Wilaya ya Mpanda ya wakati huo. Waliojenga nyumba na kupanda migomba na miembe walianza upya. Waliobaki na vizazi vyao walikuja kuwa miongoni mwa watu wapatao 162,000 wenye asili ya Burundi waliopata uraia wa Tanzania, vyeti vikitolewa mwaka 2014, na wengi wao ni wakulima hodari wa tumbaku.

Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976 nayo ilipeleka kaya nyingi kando ya barabara ili zifikiwe na shule, zahanati na maji. Barabara hufuata mahali pakavu penye changarawe kwa sababu hapo magari hayakwami. Mahali hapo mara nyingi si pazuri kwa mahindi.

Mnyororo wa mteremko

Habari njema ni kwamba udongo wa Unyamwezi haukutawanyika ovyo. Una mpangilio, na mpangilio huo uligunduliwa katika nchi hii. Geoffrey Milne, mtaalamu wa kemia ya udongo katika kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, alisafiri sehemu mbalimbali za Tanganyika kati ya Desemba 1935 na Februari 1936. Aliona kwamba mtu akishuka kutoka kilele cha kilima hadi bondeni hukuta udongo ukibadilika kwa utaratibu, na akipanda kilima kinachofuata hukuta utaratibu ule ule ukijirudia kinyumenyume. Akauita mfuatano huo kwa neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo, katena. Neno hilo sasa limo katika vitabu vya udongo duniani kote. Milne alifariki mwaka 1942, na taarifa ya safari yake ilichapishwa miaka mitano baadaye.

Katika nchi ya Tabora mnyororo huo huwa hivi. Juu kabisa pana mawe ya matale na udongo mfupi wa changarawe. Chini yake kidogo huanza udongo mwekundu au wa rangi ya chungwa, wenye kina, unaopitisha maji vizuri. Hapo ndipo penye mashamba ya zamani. Mteremko ukizidi kulala, rangi hupauka kuwa ya njano, kisha kijivu, na mchanga huongezeka. Karibu na bonde, chini ya mchanga huo mweupe, mara nyingi pana tabaka gumu ambalo maji hayapiti, na masika yakikolea maji hutokeza juu kama jasho. Mwisho ni mbuga yenyewe, tope jeusi linalovimba wakati wa mvua na kupasuka nyufa pana wakati wa kiangazi.

Wenyeji hawakumsubiri Milne. Wasukuma, majirani wa kaskazini ambao wengi wao sasa wamehamia Tabora na ng'ombe wao, wana majina kwa kila pete ya mnyororo huo: luseni kwa mchanga, itogolo kwa eneo lenye tabaka gumu, mbuga kwa tope jeusi. Mzee anayesema "hapa ni itogolo" amekwisha kueleza kina, maji na zao linalofaa kwa neno moja. Kinachokosekana ni neno hilo kuingia katika ramani ya kijiji.

Sentimita moja ya ramani

Ramani za udongo zipo, lakini ni vizuri kuelewa zinaona nini. Ile ya taifa, iliyoandaliwa miaka ya 1980 ikionyesha udongo, sura ya nchi na kanda za kilimo, ni ya kipimo cha 1 kwa 2,000,000. Maana yake sentimita moja ya karatasi ni kilomita 20 za nchi, na kijisanduku cha sentimita moja kwa moja hubeba hekta 40,000. Vijiji kadhaa vyenye milima, mabonde na mbuga zake vinaingia humo na kupewa rangi moja. Ramani hiyo ni nzuri kwa waziri anayetaka kujua pamba ielekezwe kanda gani. Kwa mwenyekiti wa kijiji haisemi chochote.

Kipimo cha 1 kwa 50,000 kinafanya kijisanduku kile kiwe hekta 25. Hapo mbuga na mteremko vinaanza kutengana. Kipimo cha 1 kwa 10,000 ni hekta moja, na hapo mtu anaweza kuona shamba. Kadiri ramani inavyokaribia shamba ndivyo mashimo yanavyoongezeka na fedha zinavyotoka.

Kenya iliunda idara yake ya upimaji wa udongo mwaka 1972 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikawa na ramani ya nchi nzima ya 1 kwa 1,000,000, yenye undani mara mbili ya ile ya Tanzania. Hapa nchini kazi kama hiyo iliwekwa Mlingano, Tanga, ambako kituo hicho sasa ni sehemu ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, TARI. Tabora ina kituo cha TARI Tumbi, kilomita chache kutoka mjini.

Siku hizi zipo pia ramani za kompyuta. Kituo cha taarifa za udongo duniani, ISRIC cha Uholanzi, kilitoa ramani ya dunia nzima ya vipande vya mita 250, na tangu miaka michache iliyopita ipo ya Afrika ya mita 30, ambayo mtu mwenye simu anaweza kuifungua bure. Ni msaada mkubwa, mradi ikumbukwe zinavyotengenezwa. Kompyuta huchukua sampuli zilizochimbwa mahali fulani, hulinganisha na picha za setilaiti, mvua na mwinuko, kisha hukisia udongo wa mahali ambapo hakuna aliyechimba. Tabaka gumu lililolala sentimita 60 chini ya majani halionekani kutoka angani.

Tahadhari kama hiyo inahusu vipima udongo vya mkononi ambavyo Wizara ya Kilimo imevigawa kwa halmashauri katika miaka ya karibuni. Kifaa husoma tindikali na virutubisho, na humsaidia mkulima kuacha kununua mbolea kwa mazoea. Lakini hakisemi kina cha udongo, wala maji yatasimama wapi mwezi Machi. Mbolea humfaa mkulima wa msimu mmoja. Mpango wa ardhi ni wa miaka mingi, na unahitaji shimo.

Ndani ya shimo

Shimo lenyewe si kitu cha kutisha. Huchimbwa kwa sururu na koleo hadi mita moja na nusu au mbili, upana wa mtu kuingia na kugeuka, na upande mmoja huachwa wima ukitazama jua. Mtaalamu hushuka na kisu. Hutafuta mahali tabaka zinapobadilika, huandika kina cha kila moja, hulinganisha rangi yake na kitabu cha rangi, husugua udongo wenye maji kati ya vidole kujua kama ni mchanga, tifutifu au mfinyanzi, na hutazama mizizi imeishia wapi. Mizizi ikigeuka na kutambaa ubavuni badala ya kushuka, imegonga tabaka gumu. Kisha huchukua sampuli za maabara kutoka kila tabaka, akianzia ya chini ili vumbi la juu lisichanganye matokeo.

Katikati ya shimo moja na jingine hutumika chuma cha kutobolea ardhi, ambacho ni cha haraka zaidi. Na hapa ndipo mnyororo wa Milne unapookoa fedha. Mpimaji hana haja ya kutawanya mashimo kijiji kizima. Anapiga mstari mmoja au miwili kutoka kilimani hadi mbugani, anachimba katika kila pete ya mnyororo, kisha anatumia picha za anga kuona pete hizo zimepita wapi kwingineko. Wazee wanaojua majina ya udongo wakitembea naye, kazi huwa nyepesi zaidi.

Matokeo huwekwa katika madaraja. Utaratibu uliotolewa na FAO mwaka 1976, ambao bado ndio unaofuatwa kwingi, haugawi ardhi kuwa nzuri na mbaya. Huuliza nzuri kwa ajili ya nini. Ardhi ile ile inaweza kuwa daraja la kwanza kwa mpunga na isiyofaa kabisa kwa tumbaku.

Tumbaku na umaskini wa mchanga

Tumbaku ni mfano ambao kila mwana Tabora anaweza kuufuatilia. Tumbaku ya mvuke hupenda udongo wa kichanga ambao hauna naitrojeni nyingi. Inataka chakula mwanzoni na njaa mwishoni; naitrojeni ikiendelea kutoka ardhini hadi wakati wa kuvuna, jani huchelewa kuiva na kubaki kijani kibichi au jeusi, na bei hushuka. Mchanga wa Urambo, Sikonge na Kaliua una sifa hiyo kwa asili. Umaskini wa udongo ndio ubora wa jani.

Mkulima huongeza mbolea ya NPK 10:18:24, ambayo mfuko wake wa kilo 50 una kilo 5 za naitrojeni, 9 za fosfeti na 12 za potashi. Mchanga hauishiki sana. Sehemu huenda na mvua. Misimu ikifuatana kwenye shamba lile lile, minyoo fundo huongezeka katika mizizi. Hapo mkulima hufungua shamba jipya msituni, na lile la zamani hupandwa mahindi, ambayo hayafurahii kabisa njaa iliyoipendeza tumbaku.

Kisha kuna mabani. Kukausha tumbaku ya mvuke kunataka moto wa siku kadhaa mfululizo, na kuni hutoka kwenye miombo. Kwa hiyo zao hili hudai msitu mara mbili, kwa shamba na kwa kuni. Watafiti wa Tumbi pamoja na ICRAF walijaribu tangu miaka ya 1990 njia ya kupanda miti ya haraka, hasa mikesia ya asili ya Australia, mkulima akilima mazao katikati kwa misimu ya mwanzo, akaiacha, na kuikata kwa kuni baada ya miaka mitano hivi kabla ya kurudi na mahindi. Njia hiyo inafanya kazi kwenye mchanga wenye kina. Kwenye itogolo mti hudumaa. Chama cha msingi kinachogawa miche kwa wanachama wote bila kuuliza udongo wa kila mmoja kinatupa sehemu ya fedha zake.

Changarawe za vilimani nazo zina mwenyewe. Tabora ni mkoa wa asali, na Chuo cha Ufugaji Nyuki kiko hapa hapa mjini. Mteremko ambao upimaji umeuonyesha kuwa na sentimita 30 tu za udongo juu ya mwamba hauna hasara ukiachwa na miti yake na kutundikwa mizinga. Ukifyekwa, utatoa mahindi ya misimu miwili au mitatu, kisha mvua itaushusha udongo huo bondeni, kwenye majaruba na mabwawa.

Mbuga moja, watu wawili

Ugomvi mkali zaidi uko mbugani. Mfugaji anaitaka mbuga kwa sababu nyasi zake hubaki na unyevu wakati miinuko imekauka. Mkulima wa mpunga anaitaka kwa sababu maji husimama. Mpango wa kijiji mara nyingi huigawa kwa kamba, nusu huku na nusu kule, na kila upande huondoka ukihisi umeonewa.

Upimaji wa udongo huonyesha kwamba mbuga si kitu kimoja. Kingo zake, penye mchanga juu ya mfinyanzi, ndipo majaruba yanaposhika maji kwa kazi ndogo. Katikati penye tope zito la nyufa, jembe la mkono halifai na hata ng'ombe wa kulimia hushindwa mvua ikizidi, lakini nyasi huota vizuri. Penye magadi, kama ilivyo katika baadhi ya sehemu za mbuga ya Wembere wilayani Igunga, mpunga hupata taabu. Wajerumani kabla ya vita ya 1914 walikuwa na ndoto ya kuleta maji ya Ziwa Victoria hadi Wembere walime pamba. Maji ya ziwa hilo sasa yamefika Igunga, Nzega na Tabora kwa bomba, kwa ajili ya kunywa, na pengine ni bora iwe hivyo.

Upande wa hifadhi nao unaguswa. Mito ya magharibi ya mkoa huelekea Ugalla na Malagarasi, na ardhi oevu ya Malagarasi na Moyowosi ndiyo ya kwanza ya Tanzania kuingizwa katika Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000. Pori la Akiba la Ugalla lilipandishwa hadhi, na tangu 2019 kuna Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla. Maji yanayofika huko yamechujwa kwanza na mchanga wa miombo ya vijijini. Jirani, mkoani Shinyanga, mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 ulirudisha uoto kwenye mamia ya maelfu ya hekta kupitia ngitili, na ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa mwaka 2002. Ngitili ni mpango wa ardhi wa Wasukuma wenyewe, unaoanza kwa kujua pa kuacha nyasi zipumzike.

Mahali pa shimo katika mpango

Mwongozo wa Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi una hatua sita, kuanzia maandalizi ya wilaya hadi usimamizi wa muda mrefu. Kamati ya kijiji huchora matumizi yaliyopo, hupendekeza mapya, na Mkutano Mkuu wa Kijiji hupitisha. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka ardhi igawanywe katika mafungu matatu: ya pamoja, ya watu binafsi na kaya, na ya akiba. Hilo la akiba ndilo lenye hatari kimyakimya. Kijiji huweza kujihesabia kuwa kimewawekea watoto wake hekta mamia kadhaa, na zikawa zote ni changarawe.

Shimo linafaa liingie kabla rangi hazijapakwa kwenye ramani, yaani wakati kamati inatembea kuorodhesha matumizi yaliyopo. Wanakijiji wanaweza kuchimba wenyewe. Kazi ya kitaalamu ni kusoma, na ofisa kilimo aliyefunzwa anaweza kusoma mengi kabla maabara haijarudisha majibu. Tanzania ina vijiji zaidi ya 12,000, na si rahisi wataalamu wa Mlingano na Tumbi wafike kila kimoja. Ila mnyororo wa mteremko mmoja, ukisomwa vizuri, huweza kutumika katika vijiji vya jirani vyenye mwamba na mvua za namna moja, kikitakiwa kila kijiji kuhakikisha kwa mashimo yake machache.

Wakati mzuri ni kati ya Juni na Septemba, mavuno yakiwa ndani na ardhi ikiwa kavu. Wapo wanaouliza kwamba shimo la Agosti litajuaje habari za masika. Jibu liko ukutani mwa shimo lenyewe. Penye udongo ambao maji husimama kwa wiki nyingi kila mwaka, madini ya chuma huacha madoa ya rangi ya kutu katikati ya kijivu. Madoa hayo yakianzia sentimita 40, basi maji ya Machi huwa hapo, sentimita 40 chini ya miguu ya mtu aliyesimama juu ya vumbi.